Tenki Tupu Si Tenki Safi: Namna ya Kutuma Tenki la Mafuta Lililotumika Kutoka Dar

"Bosi, lina mafuta hili?" karani wa mizigo aliniuliza, kalamu ikiwa tayari juu ya kitabu cha risiti. Nikamjibu halina. Wala sikumdanganya. Tenki lile la Hiace nilikuwa nimelimwaga mwenyewe jana yake pale Ilala, nikaligeuza juu chini mpaka likaacha kudondosha. Akaandika "spea", akanikatia risiti, tenki likasukumwa kwenye buti la basi la Mwanza katikati ya mabegi na viroba vya nazi.

Basi halijafika Chalinze simu ikaita. Harufu ya petroli imepanda mpaka viti vya nyuma, mama mwenye mtoto mchanga anatapika, abiria wamegoma kuendelea mpaka mzigo ule ushuke. Tenki likashushwa, likaachwa kwa muuza machungwa kando ya barabara. Nililifuata siku hiyohiyo. Nilipofungua mfuniko likatoa pumzi, "fuuu", kama soda iliyokaa juani. Ndani hamkuwa na mafuta ya kujaza hata kifuniko cha chupa.

Tangu hapo nikiulizwa kama tenki lina mafuta, sijibu swali hilo. Najibu kama limeoshwa, limekaushwa na limepimwa, au bado. Mwongozo huu ni wa wewe unayeuza spea za mtumba Kariakoo, Gerezani au Ilala, au mwenye gereji Tabata ambaye mteja wake wa Mbeya amempigia simu akitaka tenki kesho asubuhi. Kesho asubuhi haiwezekani, mwambie mapema. Kazi hii ikifanywa vizuri inakula siku tatu hadi nne.

Kwanza elewa kinachowaka

Petroli ya maji yenyewe siyo inayoshika moto. Kinachoshika ni mvuke wake, ule ambao mafundi wetu wanauita gesi. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Dar. Mvuke huo ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi, cheche moja inatosha.

Piga hesabu ya tenki la lita 50. Asilimia 1.4 yake ni lita 0.7 ya mvuke, na mvuke huo unapatikana kwenye mililita tatu au nne za petroli. Kijiko cha chai kinabeba mililita tano. Kwa hiyo petroli isiyojaza kijiko, iliyojificha kwenye kona ya tenki "tupu", inatosha kuligeuza bomu. Tenki lililojaa mafuta pomoni halina nafasi ya hewa ndani, ndiyo maana mafundi wakongwe wanaliogopa tupu kuliko lililojaa. Na tenki lililotoka kumwagwa sasa hivi mara nyingi lina mvuke mwingi mno kiasi cha kutowaka. Hewa inapoingia polepole, saa moja au mbili baadaye, ndipo mchanganyiko unapofika kwenye kiwango cha hatari. Umeliacha kivulini ukidhani linapungua ukali, kumbe ndiyo linaiva.

Dizeli ni mpole zaidi. Mvuke wake hauwaki mpaka mafuta yapate joto la zaidi ya nyuzi 50. Lakini tenki la dizeli likipigwa welding, au likiachwa limebanwa karibu na bomba la ekzosi, joto hilo linafikiwa bila shida. Lioshe vilevile.

Hatua ya 1: Amua kama linafaa kusafiri

Likague mchana, kwenye mwanga. La bati lipitishie mkono kwenye mshono unaozunguka katikati na chini ya mikanda inayolishika kwenye chasisi, kwa sababu kutu hupenda kujificha hapo. Gonga kidogo kwa mpini wa mbao. Likilia kizito sehemu fulani, bati limeliwa. La plastiki liangalie nyufa kwenye shingo ya kujazia na kwenye mdomo wa pampu.

Linalovuja usilitume kama tenki. Na usimruhusu fundi aliunge kwa moto ili uuze, hata akikwambia ameshafanya hivyo mara mia. Hilo ni chuma chakavu, na lina njia yake. Nitaigusa kwenye Hatua ya 7, ya karatasi.

Kama ulichonacho ni mtungi wa gesi asilia, ile iliyofungwa kwenye bajaji na teksi nyingi za Dar, acha kusoma hapa. Mtungi ule hubeba gesi kwa mgandamizo wa baa 200 ukijazwa, unakaguliwa kwa utaratibu mwingine kabisa, na wa kuufungua ni karakana iliyoidhinishwa kufunga mifumo hiyo.

Hatua ya 2: Tafuta mahali

Hapa ndipo gereji zetu zinapofeli. Fundi yuko chini ya mwembe anamwaga petroli, hatua kumi kutoka kwake mama ntilie anapuliza mkaa, na upande wa pili kijana anachomelea bampa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi juu kama moshi. Unatambaa chini kama maji, unafuata mtaro, unaingia chini ya meza ya mama ntilie na kukuta jiko. Moto ukianzia kule unarudi kwako ukifuata njia uliyotengeneza mwenyewe.

Basi tafuta uwanja wazi wenye upepo, mbali na jiko, welding, jenereta na mtaro. Ikibidi fanya Jumapili, gereji ikiwa imefungwa. Weka kizimamoto cha unga kavu na ndoo za mchanga karibu. Usitegemee maji, maana petroli inaelea juu yake na moto utasambaa. Namba ya Zimamoto ni 114, iandike ukutani. Vaa nguo za pamba, si jezi ya nailoni, kwa sababu nailoni ikisuguana inatoa cheche ndogo zisizoonekana. Simu ibaki kwenye gari. Sigara sisemi.

Hatua ya 3: Toa mafuta na kila kilichobeba mafuta

Kama tenki lina nati ya kumwagia chini, tumia hiyo. Kama halina, tumia pampu ya mkono. Usinyonye kwa mdomo na mpira. Najua wote tumefanya hivyo, lakini petroli kidogo ikiteleza kwenye mapafu inaunguza, na mtu hupelekwa hospitali akiwa bado anatembea. Mafuta yaingie kwenye galoni la chuma lililokaa chini, juu ya ardhi, siyo juu ya turubai wala kwenye kitanda cha pikapu chenye zulia la plastiki.

Kisha vua kila kitu: pampu ya mafuta, geji na boya lake, mipira ya kurudisha mafuta, shingo ya kujazia, seali. Pampu hubaki na petroli ndani hata ukiitikisa nusu saa. Itoe, iache ikauke peke yake, ifunge kivyake. Kuna na kile kikopo cheusi chenye mkaa ndani ambacho magari ya kisasa hutumia kunasa mvuke wa petroli. Usikitume pamoja na tenki. Kazi yake ni kunyonya mvuke na kuuachia taratibu, kwa hiyo hata ukiosha tenki likang'aa, kikopo kile kitalijaza harufu upya njiani.

Hatua ya 4: Osha, na uoshe tena

Maji ya moto na sabuni ya unga ya kawaida yanafanya kazi. Maji yachemshwe mbali, yaletwe kwenye ndoo. Mimina hadi robo ya tenki, ziba, watu wawili mlibebe na kulitikisa kila upande. Ndani ya matenki mengi mna kuta ndogo za kuzuia mafuta yasipige mawimbi, na petroli hujificha nyuma yake. Ligeuze juu chini, lisimamishe kwa ubavu, lilaze kwa mgongo. Mwaga, rudia. Mimi huosha mara tatu.

Baada ya hapo lijaze maji safi mpaka yafurike mdomoni, liache hivyo dakika kumi au zaidi. Maji yakifika juu yamesukuma nje mvuke wote uliokuwa umekaa ndani. Hii ndiyo sehemu ambayo wengi wanairuka kwa kuona ni kupoteza maji ya kununua. Lita 50 za maji, ndugu yangu.

Usisuuze kwa petroli "ili kutoa uchafu", wala kwa thina. Usilikaushe kwa moto wa gesi. Kuna na mtindo mwingine ambao watu makini kabisa hufanya: wakishaosha tenki la bati humimina dizeli kidogo ndani lisishike kutu. Kazi yote imerudi sifuri hapo. Bati likaushwe haraka, na mpokeaji aambiwe atakuta vumbi jekundu la kutu jepesi atakalolisuuza kabla ya kulifunga.

Maji ya kuoshea yasiende mtaroni. Mitaro ya Ilala na Vingunguti inaishia Mto Msimbazi, na Msimbazi unaishia baharini ukipita kwa watu wanaolima mchicha. Yaweke kwenye pipa, yatulie usiku mzima. Petroli itapanda juu na maji yatabaki chini. Uikombe, uihifadhi na mafuta machafu ya gereji, umpe mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Hatua ya 5: Kausha, kisha lipime

Lianike midomo yote ikiwa wazi, mdomo mkubwa ukitazama chini ili mvuke mzito udondoke wenyewe. Jua la Januari siku moja na nusu inatosha kwa bati. Wakati wa masika weka siku tatu, na ulitoe kwenye mvua.

Plastiki ni habari nyingine. Plastiki inakunywa petroli. Miaka kumi ya mafuta imezama kwenye ukuta wa tenki, na ukiliosha leo likawa halinuki, kesho likipata joto linatoa tena. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: likishakauka, lizibe midomo yote jioni, liache usiku kucha na asubuhi lipate jua la saa mbili au tatu. Ndipo ufungue. Usiingize uso mdomoni. Simama pembeni, pepea hewa kwa kiganja ije puani. Ukisikia petroli, rudi kwenye kuanika. Nimewahi kurudia mara nne kwa tenki moja.

Pua ni mlinzi mzuri wa getini, lakini siyo cheti. Inachoka: ukishinda na petroli tangu asubuhi hutaisikia tena jioni, hivyo mwite mtu aliyetoka nje. Na kama tenki linapanda meli au ndege, tafuta mtu mwenye kipima gesi. Wataalamu wa usalama wanaofanya kazi kwenye maghala ya mafuta Kurasini na Kigamboni wanavyo. Mrija wa kipimo uingie hadi chini kabisa ya tenki, kwa kuwa mvuke umelala kule. Akipima mdomoni tu, mwambie arudie. Kipimo kinasoma asilimia ya kile kiwango cha chini cha kuwaka. Chini ya 10 wengi huita salama kwa kufanyia kazi. Kwa safari nataka sifuri. Akuandikie karatasi yenye tarehe, saa, kilichosomeka na jina lake.

Hatua ya 6: Funga na uandike ukweli

Ziba midomo kwa vifuniko vyake au plastiki ngumu na utepe wa gundi, vumbi na mvua visiingie. La plastiki livishe maboksi, la bati litengenezee fremu ya mbao ili lisigongwe. Bandika karatasi pande mbili, maandishi makubwa: TENKI LA MAFUTA LILILOTUMIKA. LIMEOSHWA NA KUKAUSHWA. HALINA MAFUTA WALA MVUKE. Tarehe, jina na simu yako. Piga picha kabla na baada.

Usiandike "spea" tupu. Mimi niliandikiwa "spea", na lile neno ndilo lililowaudhi zaidi watu wa basi, kuliko hata harufu.

Hatua ya 7: Karatasi

Risiti ya EFD ya mauzo, ile ya mashine ya kodi, iliyotaja tenki na gari lake. Kama gari lilivunjwa hapa nchini, ambatisha nakala ya kadi ya gari au hati ya mauziano, kwa sababu spea ya mtumba isiyo na asili ndiyo anayoanza nayo askari njiani anapotafuta gari lililoibwa. Kama lilikuja na kontena kutoka Japani au Dubai, nakala ya hati za forodha. Stakabadhi ya mzigo ya msafirishaji iseme maneno yaleyale uliyobandika kwenye tenki, neno kwa neno. Na karatasi ya kipimo ikiwapo.

Matenki mabovu yanayokwenda kuyeyushwa si spea tena. Tenki chakavu lenye mabaki ya mafuta linaangukia kwenye kanuni za taka hatarishi, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kukusanya au kusafirisha vyuma chakavu kunahitaji kibali kinachopitia NEMC. Muuzie mwenye kibali, uachane nalo.

Hatua ya 8: Chagua chombo

Basi la abiria, hapana. Hata tenki likiwa safi kama sufuria ya harusi. Buti limefungwa, lina joto, juu yake wamekaa watu hamsini na mlango wa kutokea ni mmoja au miwili. Makarani wa stendi ya Mbezi wengine watakubali ukiwaongeza elfu tano. Usiwape nafasi hiyo.

Fuso au semi lenye bodi ya wazi au turubai linalopitisha hewa ndilo chombo chake. Ongea na dereva mwenyewe, si utingo tu. Mimi huwa namwambia hivi: "Shikamoo mzee, hili ni tenki la mafuta, limeoshwa, karatasi hizi hapa. Naomba lisilale na mitungi ya gesi wala oksijeni, na lisiwekwe chini ya vyakula." Mzee mmoja wa njia ya Mwanza alichukua karatasi, akalinusa tenki mwenyewe kabla hajasaini, akasema, "Kijana, mimi Msamvu napita kila wiki." Hakuongeza kitu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka pale Msamvu, Morogoro, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukaua zaidi ya 100. Kila lori linalotoka Dar kwenda bara kwa barabara ile linapita hapo.

Kulipeleka tenki kwenye stendi ya malori tumia kirikuu au guta. Bodaboda, tenki likiwa mgongoni mwa abiria na ekzosi ya moto chini yake, ni kujitafutia.

Zanzibar na Mafia: meli ya mizigo, siyo boti ya abiria. Baharini bidhaa hatari zinakwenda kwa kanuni za kimataifa za IMDG, zinazohusu bidhaa hatari melini, na upande wa bara msimamizi ni TASAC, shirika la uwakala wa meli. Petroli iko daraja la 3, vimiminika vinavyowaka, namba ya Umoja wa Mataifa 1203. Dizeli ni 1202. Tenki lenye mabaki linahesabiwa humo. Lililosafishwa mpaka halina mvuke linaweza kupokelewa kama spea ya kawaida, lakini neno la mwisho ni la wakala wa meli. Mpelekee karatasi kabla hujapeleka tenki.

Ndege ndiyo ngumu kuliko zote. Mashirika ya ndege yanafuata kanuni za bidhaa hatari za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, na hapa nchini TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ndiyo inayosimamia. Vipuri vya magari vimo kwenye orodha ya mizigo ambayo mpokeaji anatakiwa aishuku hata kama umeandika vizuri, kwa sababu ndani yake hujificha mafuta, betri na mitungi ya mifuko ya hewa. Watalifungua. Wakisikia harufu, mzigo unabaki, na ukiwa umetamka kwamba si hatari wakati ni hatari, umefanya kosa la kisheria, siyo kosa la kikarani. Tumia wakala aliyesomea bidhaa hatari, na mwambie neno "tenki la mafuta" kwenye simu ya kwanza. Posta usiende kabisa kama lina hata harufu; vitu vinavyowaka haviruhusiwi humo.

Hatua ya 9: Mpigie anayepokea

Usimtumie namba ya gari tu. Mwambie alifungulie nje, mbali na jiko, siku ya kwanza asiliingize stoo. Anuse kama ulivyonusa wewe. Kama linanuka, akupigie kabla hajaligusa fundi. Anunue seali mpya ya pampu, asirudishie ya zamani iliyokunjamana; asuuze vumbi la kutu, akaushe, ndipo afunge. Na kama kuna mahali limebonyea safarini, apige picha akutumie, asimpe mtu wa welding alinyooshe kwa moto.

Tenki la Chalinze, kwa wanaouliza, nililirudisha Ilala kwa kirikuu madirisha yote yakiwa wazi. Lilikaa siku tano nyuma ya banda likianikwa na kuzibwa, kuanikwa na kuzibwa. Mteja wa Mwanza alilipata wiki iliyofuata, kwa fuso, akanikata shilingi elfu ishirini za usumbufu. Nikamwachia.